Mpira Umepwelewa: Gofu, Mchanga na Majina ya Pepo

Wapenzi wa ushairi na lugha, leo naomba ruhusa niwatoe kidogo katika vina na mizani, niwapeleke uwanja wa gofu. Najua wapo watakaocheka. Mwalimu mstaafu wa sekondari, mzaliwa wa Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani, ana nini na mchezo wa wenye nacho? Nivumilieni. Mchezo wenyewe niliucheza vibaya, na sitawachosha kwa kuusimulia wote. Nataka kuzungumza juu ya maneno niliyoyakuta huko, na juu ya maneno niliyokuwa nimeyapoteza mwenyewe bila ya kujijua.

Gofu niliijua nikiwa mwanachuo wa ualimu Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fedha za matumizi zilikuwa chache, na Jumamosi baadhi yetu tulishuka mjini, kwenye uwanja wa gofu ulio chini ya milima ya Uluguru, kuwabebea wachezaji mikoba ya fimbo. Tuliitwa makedi. Jioni, wachezaji walipokwisha kuondoka, mlinzi alituruhusu kupiga mipira michache kwa fimbo kuukuu. Hivyo nilijifunza kupiga. Lakini kwa upande wa lugha nilijifunza jambo moja tu: kwamba mchezo ule ulikuwa na maneno yake, na maneno yale hayakuwa yetu. Mwenye fimbo alisema kwa Kiingereza, mbeba fimbo aliitikia, "Ndiyo, mzee." Kiswahili pale kilikuwa lugha ya kuitikia.

Miaka 40 baadaye, Mei ya mwaka jana, nilikwenda Muscat kumtazama dada yangu, ambaye ameolewa huko siku nyingi. Msomaji anajua kwamba Oman ina watu wengi wanaozungumza Kiswahili. Familia nyingi zina mizizi Unguja na Pemba. Nyingine zilihama baada ya 1964, na nyingi zaidi zilirejea Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Mpwa wangu, mwana wa dada huyo, anapenda gofu. Aliposikia kwamba mjomba wake aliwahi kubeba fimbo Morogoro, alisema, "Basi mjomba, safari hii utazipiga mwenyewe."

Akanipeleka Almouj. Uwanja huu uko ufukweni, upande wa Sib, na ulichorwa na Greg Norman, mchezaji mashuhuri wa Australia. Ulifunguliwa mwaka 2012, na kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya Oman Open ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya. Una mashimo 18, na kipimo chake ni mapigo 72. Maana yake, mchezaji hodari anatarajiwa kuumaliza uwanja wote kwa mapigo hayo. Washairi watakuwa wameshaona nilichokiona. Wastani ni mapigo manne kwa kila shimo. Beti 18 za tarbia zina mishororo 72. Nilitembea uwanja ule nikihesabu kama anayehesabu beti, na nakiri hapa mbele yenu kwamba shairi langu lilikuwa na mishororo 108. Hakuna mhariri ambaye angelichapisha.

Tuliondoka alfajiri, tukaanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mwezi wa Mei hapo si mwezi wa kucheza na jua la utosini. Joto hukaribia nyuzi 40, na baadhi ya siku huzipita. Tulikuwa wanne: mimi, mpwa wangu, mwanawe mwenye umri wa miaka 13, na baba mkwe wa mpwa wangu, mzee aliyepindukia miaka 80. Mzee huyu hakucheza. Alikaa katika kigari cha umeme, kofia ya Kiomani kichwani na bakora mapajani, akatufuata kutoka shimo hadi shimo. Alizaliwa Pemba, baba yake alikuwa nahodha, na aliiacha bahari yetu akiwa kijana wa miaka 20 na kitu. Siku za nyuma alicheza gofu Ghala, uwanja mwingine wa Muscat, wakati ule uwanja huo ukiwa ni mchanga mtupu.

Nyasi ninazozizungumzia zilikuwa kijani kibichi, na nje ya nyasi hakuna kitu ila mchanga, mawe na bahari. Mchanga umeachwa makusudi katika mashimo mapana, yenye kingo zilizosimama, na mengine yamekwenda sambamba na njia kwa urefu mkubwa. Shimo lenyewe unalolitafuta ni dogo: kipenyo chake ni sentimita 10.8 tu, kama mdomo wa kikombe kikubwa. Unaweza kubeba fimbo 14 na zisikusaidie hata moja, kama hukuujua upepo.

Nikaja kushindwa hapo hapo penye upepo. Tulipoanza, ulitoka barani, nyuma ya mji, kwenye majabali. Ulikuwa mkavu na wa moto hata kabla jua halijapanda. Wenyeji huuita gharbi, na yeyote anayejua neno letu la magharibi ataona undugu wake. Mzee akacheka kwenye kigari chake, akasema, "Maalim, huu ndio umande wao. Umande usio na maji."

Nilisimama na fimbo mkononi. Umande! Kwa wengi wa vijana wetu, umande ni yale matone ya asubuhi juu ya majani, basi. Lakini kwa wavuvi wa kwetu umande ni upepo pia: ule unaotoka nchi kavu kuelekea baharini asubuhi, unaomtoa mvuvi na dau lake bila ya kutia kasia. Marehemu baba yangu hakuwa na saa. Alikuwa na umande. Kwetu umande ni baridi, hukufanya ujikunyate. Muscat upepo wa saa ile ile, unaotoka upande ule ule wa nchi kavu, ulikuwa kama pumzi ya tanuri. Neno ni moja, kazi ya upepo ni moja, ngozi inasikia mambo mawili. Mshairi gani asingependa kupewa neno kama hilo?

Tulipofika katikati ya uwanja, upepo ukaanguka, pakawa shwari, kisha ukaanza upya kutoka baharini, upande wa mawio. Tulikuwa kwenye shimo fupi kando ya maji, la mapigo matatu. Mtoto akaniuliza, "Babu, upepo umegeuka. Tuelekeze wapi?" Nikafungua mdomo, sikupata jibu. Nilijua la kufanya, mkono ulikumbuka. Ulimi ndio uliokwama. Nikaanza kusema, "Elekeza upande ule... upande ambao upepo..." Mzee akanikata: "Goshini! Mwambie apige goshini, upepo utaushusha mpira demani wenyewe."

Goshini ni upande unakotoka upepo. Demani ni upande unakokwenda. Kila mtoto aliyekulia kwenye chombo cha tanga aliyajua maneno haya kabla ya kujua kusoma, kwa sababu anayekaa upande usio wake chombo kinapogeuzwa huweza kujikuta majini. Mimi nilikulia kwenye chombo cha tanga. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 34. Na neno la baba yangu nilirejeshewa na mzee aliyeondoka Pemba zaidi ya nusu karne iliyopita, kwenye nyasi za kumwagiliwa, kando ya jangwa la Arabuni.

Mtoto akauliza upepo ule mpya unaitwaje. Mzee akamwambia, "Matlai." Mtoto akatabasamu, kwani shuleni kwao anasoma kwa Kiarabu, na anajua kwamba matla ni mahali jua linapochomoza. Hakuhitaji kufafanuliwa. Akapiga goshini. Mpira ukapanda juu ya maji, ukasita, ukaletwa taratibu na matlai, ukatua karibu na bendera. Mimi nikapiga baada yake, nikaufuata mwelekeo wake, ila nguvu zikapungua. Mpira ukaingia kwenye mchanga.

Kwenye mchanga huo kuna sheria. Kabla ya kupiga, huruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo yako mbele au nyuma ya mpira. Lazima uuinue mpira bila ya kwanza kuupima uwanja wake. Nilipiga mara tatu, mpira ukarudi miguuni mara tatu. Mzee akasema kwa upole, "Umepwelewa, maalim." Hapo nikacheka hadi machozi. Kupwelewa ni kuachwa na maji. Chombo kilichopitiwa na wakati kikakuta maji yamekupwa, kikakaa juu ya fungu kimeinama ubavu, kimepwelewa. Na nahodha wake hana la kufanya ila kusubiri maji yajae. Sijapata kusikia neno linaloueleza mpira uliokwama mchangani kwa ukamilifu kuliko hilo. Linaeleza mahali, hali, na hata aibu ya mwenyewe.

Sasa niseme hoja yangu. Mara kwa mara nasikia wataalamu na waandishi wa habari wakilalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi za michezo kama gofu, na kwamba hatuna budi kuyachukua maneno ya Kiingereza na kuyavisha kanzu: bunka, grini, feawei. Au, kwa upande wa pili, hukaa kamati ikatunga neno refu kama kamba ya nanga, ambalo hakuna mchezaji atakayelitamka akiwa na pumzi. Mimi naona kwamba njia zote mbili zina kasoro moja: zinaanza kutafuta bila ya kwanza kuuliza nyumbani. Maneno tunayo. Tunachokosa ni desturi ya kuwauliza wenye maneno hayo kabla hawajatutoka.

Tazameni maneno ya Waingereza wenyewe yalikotoka. Gofu ililelewa Uskoti, kwenye viwanja vya mchanga vya pwani kama vile vya St Andrews. Viwanja hivyo wanaviita linksi, neno la kale la tuta. Tena ulikuwa mchezo wa watu wa kawaida kiasi kwamba mwaka 1457 bunge la Uskoti liliupiga marufuku, kwa hofu kwamba unawaachisha watu kujifunza upinde. Bunka, kwa Waskoti, lilikuwa benchi au sanduku la nyumbani. Feawei lilikuwa neno la mabaharia: njia ya maji ambayo chombo hupita salama kati ya miamba na mafungu. Kedi lilitokana na neno la Kifaransa la kijana mdogo, likaja kuwa la mchukuzi wa mjini. Hakuna kamati iliyoketi. Watu walichukua vitu vya nyumbani na vya chomboni wakavitia mchezoni. Kama baharia wa Uingereza aliweza kuiita njia ya nyasi kwa jina la njia ya maji, kitu gani kinamzuia Mswahili kuiita mkondo?

Na jangwani ndiko nilikopata ushahidi mwingine. Mzee alinisimulia kwamba enzi za mchanga pale Ghala hapakuwa na kijani cha kuitia kijani. Mahali pa kumalizia palikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa ili mpira uviringike. Basi Waingereza waliokuwa wakicheza hapo hawakusema grini. Walipaita kwa jina la rangi ya udongo, kahawia. Na kwa kuwa njia nzima ilikuwa mchanga, kila mchezaji alibeba kipande cha zulia la nyasi bandia, akakiweka chini, akauweka mpira juu yake, akapiga, akakikunja akaenda nacho. Dubai nako, uwanja mmoja wa nyasi tupu, uliofunguliwa 1988, uliitwa Majlis, neno lile lile tunalolijua sisi kwa majilisi. Nchi ilipobadilika, maneno yalibadilika, na mchezo haukufa. Ikiwa Kiingereza chenyewe kilipofika mchangani kiliinama kikaokota neno jipya, sisi tunaogopa nini?

Mtoto yule, aliposikia habari ya kipande cha zulia, akasema, "Kwa hiyo babu, ile sehemu laini ya bendera tuiite mkeka." Nikalipenda neno hilo papo hapo. Mkeka ni laini, unatandikwa, hauingiliwi na viatu ovyo. Baba yake akaangua kicheko: kwa vijana wa Tanzania wa leo, mkeka ni karatasi ya kubashiri matokeo ya mpira. Sawa. Hiyo inaonyesha kwamba lugha iko hai na ina watoto watundu. Sisemi kwamba mkeka ndilo neno. Nasema kwamba mtoto wa miaka 13, aliyezaliwa Muscat, aliyekuwa akikitumia Kiswahili kwa kumsalimia bibi yake tu, alitunga neno la Kiswahili kwa sababu kwa mara ya kwanza alikikuta Kiswahili mahali pa mchezo.

Zipo hoja zitakazoletwa dhidi yangu, nami sitaki kuzikimbia.

Ya kwanza ni kwamba maneno ya kukopa hayana dhambi. Nakubali. Goli, kona na penalti ni wageni waliokwisha kuwa wenyeji, na gofu na kedi nayaacha yalivyo. Lakini mpira wa miguu haukukopa tu. Watangazaji wa redio, wakiwa na sekunde chache za kusema, walitupa mlinda mlango, mshambuliaji na kiungo, na maneno hayo yakakaa pamoja na yale ya kukopa bila ya ugomvi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Hawakusema usikaribishe msala.

Ya pili ni kwamba maneno ya bahari hayatafahamika bara. Mtu wa Dodoma atajuaje goshini? Namjibu kwa neno moja: kung'atuka. Neno hilo lilitoka katika Kizanaki, lugha ya watu wachache kando ya Ziwa Victoria, likaenezwa na Mwalimu Nyerere, na leo hakuna Mtanzania asiyelielewa, hata aliye Makoongwe. Ikiwa sisi wa visiwani tumeweza kulipokea neno la ziwani, wa bara nao wataweza kulipokea la baharini. Tena hata neno jangwa, naona, lina harufu ya pwani. Kwetu wangwa ni ule uwanda mtupu wa chumvi nyuma ya mikoko, ambao maji ya bamvua huufikia na usiote kitu. Ukikuze wangwa kwa kanuni ya ukuzaji wa nomino zetu, unapata jangwa. Mswahili wa kale, alipotaka kuutaja ukame mkubwa, alianza na ukame mdogo aliouona nyuma ya nyumba yake.

Ya tatu ni nzito zaidi, nami naiheshimu: kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, unakula ardhi na maji, na Kiswahili kina kazi muhimu zaidi. Nilipoyatazama majani yale ya Muscat nilimkumbuka mama yangu na ndoo kichwani. Viwanja vingi vya Ghuba humwagiliwa maji machafu yaliyosafishwa, na hupandwa nyasi za paspalamu zinazovumilia chumvi. Hata hivyo sikuacha kujiuliza. Tena sisi Wazanzibari hatuna kumbukumbu nyepesi juu ya mchezo huu. Katika enzi za ukoloni, sehemu ya viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja ilikuwa uwanja wa gofu wa Wazungu, na mwenyeji aliingia humo kwa kazi, si kwa kucheza.

Lakini hapo ndipo penye hoja yangu hasa. Leo Unguja kuna hoteli ya kitalii yenye uwanja wa gofu. Pwani ya Kenya viko kadhaa, kuanzia Mombasa hadi Vipingo na Diani. Visiwani kwetu wawekezaji wanakuja kila mwaka. Siku itakayofika gofu Pemba, kama itafika, kijana wa Mkoani ataajiriwa kukata nyasi na kubeba fimbo. Je, ataufahamu uwanja huo kwa lugha yake, au atasimama kama nilivyosimama mimi Morogoro, akiitikia "ndiyo, mzee" kwa maneno asiyoyamiliki? Anayeweza kuujadili uwanja kwa lugha yake anaweza pia kuuliza maji yake yanatoka wapi. Lugha ikiachwa mlangoni, na maswali hubaki mlangoni.

Sasa niseme lililonichoma zaidi. Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja aliandika insha juu ya siku aliyokwenda kuvua na baba yake. Aliandika kwamba baba alimwambia akae goshini. Nililipiga neno hilo mstari mwekundu, nikaandika juu yake: "upande wa upepo." Nilidhani nasahihisha. Nilikuwa na kamusi mezani na sikuifungua, kwa kuwa neno lilikuwa limetoka kwenye mdomo wa mvuvi na si kwenye kitabu cha kiada. Mtoto yule alichukua daftari lake akaenda zake, na sidhani kwamba aliliandika tena neno hilo. Ni mistari mingapi kama huo niliyoipiga kwa miaka 34? Kiingereza tunakishutumu bure wakati mwingine. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu mimi.

Niliporudi Makoongwe nilifanya jaribio. Nilikaa pwani na vijana waliokuwa wakitengeneza mashine ya boti, nikawauliza wanitajie pepo. Kaskazi na kusi waliyataja wote. Matlai, mmoja. Umande, wote walisema ni matone ya maji. Goshini na demani waliyataja wawili tu, na mmoja akadhani demani ni majira peke yake. Siwalaumu. Boti ya mashine haiulizi upepo unatoka wapi. Inauliza bei ya petroli. Neno likikosa kazi huondoka kimyakimya, kama mfanyakazi aliyeachishwa. Ndiyo maana nasema tuyatafutie maneno haya kazi mpya: kwenye gofu, kwenye mashindano ya ngalawa, kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwenye michezo ya kompyuta ya watoto, popote penye upepo na mchanga.

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba zimekuwa nyingi, na ni vyema. Ombi langu kwa BAKIZA na BAKITA ni dogo: kabla ya kuunda neno la mchezo mgeni, tumeni mtu mmoja mwenye daftari kwa manahodha wazee, wachunga ng'ombe, wasusi wa mikeka na wachongaji. Muulizeni kila mmoja: kitu hiki ungekiitaje? Kisha kamati iketi. Na ombi langu kwenu washairi ni kubwa zaidi, kwa sababu nyinyi mna uwezo ambao kamati haina. Neno likiingia kwenye shairi likakaa sawasawa kwenye mizani yake, watu hulishika. Msisubiri liidhinishwe. Liimbeni.

Mjukuu wangu wa Muscat huniandikia simuni kila Ijumaa. Wiki iliyopita aliandika: "Shikamoo babu. Leo matlai kali. Nimepiga goshini, mpira umefika mkekani." Nikamjibu marahaba, nikaongeza ubeti huu, ambao nauacha hapa kwenu pia:

Mjukuu nakwachia, urithi wa baharini,
Majina nilosikia, ya pepo za kisiwani,
Kusi ikikuvumia, usikwame ulimini,
Jina ukiutajia, upepo hukuamini.